Umeweka karatasi na vitabu kwenye gemu lako, mbona mambo hayaendi?

Mi nimeweka karatasi kwenye gemu ninalotengeneza mara tatu, mara mbili niking'oa kila kitu na kuanza upya, kwaiyo haya ni ya mtu aliyeungua vidole. Gemu lenyewe ni simulesheni ya kifantasia ya kawaida tu, kijiji cha watu kama mia mbili, wanasikia njaa, wana kazi, wanagombana, kuna ghala, kuna mfalme wa mbali anayetaka kodi, na kuna dubwana mlimani linakula ng'ombe. Nachukulia la kwako liko hivohivo, watu wana mahitaji na kazi, vitu vinatengenezwa na kuwekwa mahali. Kama hujafika hapo achana na vitabu kwanza, malizana na njaa.

Twende dalili kwa dalili, we tafuta ya kwako.

Karatasi zimejaa stoo, hakuna anayeandika

Hii inampata kila mtu. Usikimbilie msimbo, fanya jaribio dogo: chagua mtu mmoja anayejua kusoma na kuandika, mpachike karatasi, kalamu na wino mkononi, mkalishe kwenye kiti mbele ya meza, alafu acha gemu litembee siku tatu. Akiandika, ujue vifaa vilikuwa havimfikii. Asipoandika, ujue hana sababu ya kuandika, na hapo hata umjazie chumba karatasi atakaa tu anakuangalia.

Ya vifaa mara nyingi ni kitu cha kijinga kabisa. Dwarf Fortress, gemu la kompyuta la kuendesha ngome ya vibete, ambalo wengi wetu ndo tumeibia wazo huko, lilipoleta maktaba na wasomi Desemba 2015, watu walijenga maktaba za kutisha, rafu, meza, viti, wasomi wanaingia wanajadiliana wanatafakari weee, kitabu hakitoki hata kimoja. Kumbe chumba hakina masanduku ya kuwekea karatasi tupu, au magombo matupu hayajatengenezwa kabisa. Kwako angalia hivohivo: karatasi ipo ghalani, je kuna mtu ana kazi ya kuitoa ghalani na kuipeleka chumba cha kuandikia? Na wino je? Mi nilisahau kwamba wino wangu unakaa kwenye mtungi na mitungi yote ilishachukuliwa na watengeneza pombe, wiki nzima natafuta kosa kwenye akili ya karani wakati kosa lilikuwa kilabuni.

Kuna na hii ya kuku na yai. Umesema kusoma kunafundishwa na anayejua kusoma, sawa, lakini dunia inaanza na wajuzi sifuri, sasa nani amfundishe nani? Weka wawili watatu tangu mwanzo, karani mmoja na kuhani mmoja wanatosha.

Ya sababu inataka ukae na namba. Mi nilikuwa nimempa kuandika uzito wa 3, kula 10, kulala 9, kupiga soga 5. Ukiziangalia tu unajua, hakuna siku mtu atakosa wa kupiga naye soga, kwaiyo zamu ya kuandika haifiki milele. Nikapandisha kuandika ikawa 6, wakaanza kufa njaa wanaandika mashairi. Tiba haikuwa namba. Tiba ni kuacha kulichukulia andishi kama burudani na kulifunga kwenye tukio: mtu amekopa, mzigo umepokelewa, kodi imelipwa, mtu amekufa kaacha shamba, watu wanagombea mpaka. Tukio likitokea linazaa kazi yenye mwenyewe, na kazi hiyo inapangwa foleni kama kazi nyingine yoyote. Hata kwenye historia ilianzia huko, mabamba ya udongo ya Uruk (mji wa kale huko Iraq) ya zaidi ya miaka 5,000 iliyopita mengi ni shayiri, pombe na mifugo, nani kapewa ngapi. Kwaiyo anza na mtunza ghala, washairi watakuja wenyewe baadae.

Sasa wanaandika mpaka basi

Ukitibu la kwanza utaangukia hapa, nakuhakikishia. Kwenye gemu langu kulikuwa na bibi mmoja jina lake Sureli, mbuzi wake alianguka kisimani, akaandika kitabu. Kesho yake akaandika kingine. Nilipokuja kuangalia baada ya mwaka mmoja wa gemu alikuwa na vitabu 61 vyote vya mbuzi yuleyule, na mwanakijiji mwingine alikuwa ameandika uchambuzi wa kitabu cha 40.

Sababu ni mbili zinazokutana. Kwanza mtu akichagua cha kuandika anatafuta tukio lenye uzito mkubwa kichwani mwake, na tukio la mbuzi halipungui uzito hata akishaliandika. Wengi wanaweka saa ya kusubiri, ukiandika ngoja siku 30, lakini io inachelewesha tu mbuzi, haimwondoi. Weka alama kwenye kumbukumbu yenyewe: hili nimeshaliandika. Aandike tena pale tu anapojua kitu kipya kuhusu jambo lile, mfano amesikia kwamba mbuzi alisukumwa. Hapo kitabu cha pili kina maana, na kijiji kina kesi.

Sababu ya pili, andishi ni bure. Hapa nakushauri ukae na gharama za kweli, sio kwa ajili ya uhalisia, ni kwa ajili ya namba nzuri za kuanzia. Chukua ile Biblia ya Gutenberg iliyochapwa Ujerumani miaka ya 1450, ina kurasa 1,282, yani majani 641, jani moja kurasa mbili. Ngozi moja ya ndama kwa ukubwa ule unapata majani manne, gawanya, ni ndama 160 na kitu, ongeza ngozi zilizoharibika ndo unasikia watu wanataja 170 kwa nakala moja ya ngozi. Mi kijiji changu kina ng'ombe 40. Kitabu kimoja kikubwa kingemaliza kundi mara nne! Nilivyoiona io hesabu nikaelewa kwanini waliokuwa wanatumia ngozi hawakuandika mambo ya mbuzi. Kwaiyo mi nikaweka ngazi: kipande cha udongo bei ya bure, karatasi inauma kidogo, ngozi inauma kweli, na mtu anapotaka kuandika anajiuliza kwanza jambo hili linastahili kitu gani. Deni la kuku wawili linaandikwa kwenye udongo, mkataba wa mipaka na kijiji jirani unaenda kwenye ngozi. Bibi Sureli sasa hivi ana kipande kimoja cha udongo, na amekikalia.

Karatasi haipatikani kabisa

Angalia mnyororo kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mara nyingi umeiga mapishi ya kweli bila kuiga kinachoyalisha. Cai Lun, yule wa China anayetajwa na karatasi mwaka 105, anasimuliwa kutumia magome ya miti, katani, vitambaa vikuukuu na nyavu za zamani. Safi, we ukaandika karatasi = vitambaa vikuukuu + maji + kazi. Lakini kwenye gemu lako nguo hazichakai! Watu wanavaa kanzu zilezile miaka mia, vitambaa vikuukuu vitatoka wapi? Ama uwashe uchakavu wa nguo, ama uruhusu mmea usagwe kinuni uwe rojo alafu rojo likamuliwe liwe karatasi. Mi niliwasha uchakavu na nikapata faida ambayo sikuitegemea, kijiji tajiri kinachobadili nguo kila mara ndo kina karatasi nyingi, maskini wanavaa mpaka inaisha mwilini kwaiyo hawaandiki. Sikuandika mstari hata mmoja wa kuliambia gemu hivo.

Ngozi ya kuandikia nayo inahitaji chokaa, sasa kama chokaa chako chote kinaenda kwenye ujenzi utajikuta hujui kwanini mtengeneza ngozi amekaa kivulini. Na ruhusu kufuta na kuandika upya. Watu walifanya hivo sana, kazi za Archimedes zilikwanguliwa kwenye ngozi mwaka 1229 zikaandikiwa maombi juu yake. Ukiweka hicho kitu karatasi zitazunguka, na utapata raha ya mchezaji kukuta maandishi ya chini yanayochungulia chini ya orodha ya vitunguu.

Sevu (faili la kuhifadhi mchezo) imekuwa kubwa, gemu linakwama kila ukifungua maktaba

Unahifadhi maneno. Acha kuhifadhi maneno.

Piga hesabu: kitabu kimoja chenye maneno ya kutosha ni kama kilobaiti 6, vitabu 20,000 ni megabaiti 120, na hapo hujagusa watu wala ramani. Kitabu kinachotakiwa kuhifadhiwa ni orodha ya madai yaliyomo ndani (nani, nini, kiasi gani, lini) pamoja na namba moja ya mbegu ya nasibu, yani namba inayofanya bahati nasibu ya kompyuta itoke vilevile kila mara. Madai 12 kwa baiti 16 kila moja ni 192, mbegu baiti 8, jumla 200, vitabu hivohivo 20,000 vinakula megabaiti 4. Maneno yenyewe yanatungwa kutoka kwenye violezo (sentensi zenye nafasi za kujaza) pale mchezaji anapofungua kitabu, na kwa kuwa mbegu ni ileile atakuta sentensi zilezile kila siku. Nakala nazo zisibebe madai upya, zielekeze kwenye asili, alafu kila nakala ibebe kasoro zake tu.

Kwanini nakazania hili, ni kwamba vitabu vikiachwa vibebe maneno bila mpaka mtu atavigeuza silaha. Gemu la Minecraft lilishapata io: wachezaji walijaza vitabu herufi za ajabuajabu, wakavipakia kwenye maboksi, na data ya eneo lile ikizidi kikomo cha pakiti moja (furushi la data linalotumwa kwa mpigo), baiti 2,097,152, mchezaji aliyesogea pale anatupwa nje, akirudi anatupwa tena, hawezi hata kuondoka mahali penyewe. Kufungiwa nje ya seva na kitabu!

Kuna mtego mmoja kwenye njia hii ya mbegu na mi nilinasa. Nikitoa toleo jipya nimeboresha violezo, vitabu vya zamani vyote vinabadilika maneno, mchezaji alikuwa ameshika barua ya mke wake wa gemu anaipenda, anafungua anakuta imeandikwa kama taarifa ya mkutano. Weka namba ya toleo la violezo ndani ya kila kitabu na usifute violezo vya zamani, ni kilobaiti chache tu hazikuui.

Daftari linajua kila kitu

Hapa ndo nataka tukae, maana nusu ya matatizo ya gemu la kumbukumbu yanatokea hapa hata kama dalili inaonekana sehemu nyingine.

Dalili zake ni kama hizi. Mtu anaiba ghalani, usiku uleule daftari linapungua lenyewe. Unamnyang'anya karani daftari, hakuna kinachobadilika kijijini. Kodi inatozwa sawasawa kabisa hata kwa mtu aliyeficha mavuno. Hakuna kesi, hakuna ubishi, hakuna karani mwizi. Unajiuliza hivi hivi vitabu vina kazi gani, na jibu ni kwamba havina, umeweka mapambo.

Jaribio: nenda ghalani kwa mkono wako wa kimungu, toa magunia 50, usimwambie mtu. Fungua daftari. Likisema namba mpya basi daftari lako ni dirisha la kuchungulia databesi, sio andishi. Andishi ni mtu fulani siku fulani alidai kitu fulani, basi, na kuanzia hapo dunia inaendelea na andishi limebaki palepale.

Kwangu dai moja lina vitu sita: nani ameandika, kuhusu nini, kiasi, mahali, tarehe, na alijuaje. Hicho cha sita wengi wanakiacha na ndo chenye utamu, kina majibu matatu tu, aliona mwenyewe, aliambiwa, au alinakili. Sasa tazama kinachotokea. Siku ya 12 karani Oruvi anaingia ghalani anahesabu, anaandika magunia 340, aliona mwenyewe. Siku ya 19 panya wanakula sita. Siku ya 23 mlinzi anabeba kumi usiku. Siku ya 30 mtoza kodi wa mfalme anafika, hahesabu yeye, anafungua daftari, 340, fungu la kumi ni 34, anabeba anaondoka. Oruvi anatoa 34 kwenye hesabu yake anaandika 306, na safari hii hajaingia ghalani, amekokotoa tu. Ndani kuna 290. Hizo 16 zimekaa kimya mpaka siku Oruvi atakapohesabu tena, na siku hio atamshtaki nani? Mi sijui na sikuandika popote, inategemea nani alionekana karibu na ghala na nani ana ugomvi na Oruvi. Mara ya kwanza lilivyotokea alimshtaki mke wa mlinzi, alikuwa amekaribia sana kupatia.

Kwenye msimbo tiba ni moja na inauma kwa sababu unapita kila mahali. Tafuta kila fomula inayosoma hali halisi kwa niaba ya mtu. Ilikuwa `kadiria_kodi(ghala)`, inakuwa `kadiria_kodi(daftari)`. Ilikuwa `nani_mmiliki(shamba)`, inakuwa `nani_mmiliki(hati_zilizopo_mezani)`. Ukimaliza, daftari likipotea mtoza kodi anakwama kweli, itabidi ahesabu mwenyewe au akubali neno la mwenyeji, na wanakijiji wakishalijua hilo utaanza kuona moto wa bahati mbaya ofisini kwa karani.

Hata kabla ya karatasi unaweza kupata ladha hii. Dwarf Fortress lina mtunza hesabu tangu zamani, usipompa ofisi na muda wa kuhesabu, idadi ya mali unaiona kwa makadirio tu, yani hata mchezaji mwenyewe hajui ana vyungu vingapi. Ni wazo zuri kuliko nusu ya mifumo ya vitabu niliyoiona.

Ukishafika hapo watu wataghushi, na utataka kinga. Kinga nzuri kuliko zote niliyoiweka nimeitoa Uingereza, hazina yao kwa karne nyingi mpaka 1826 ilitumia vijiti: kiasi kinachongwa kwa mikato, kijiti kinapasuliwa kwa urefu, mdai anachukua nusu na mdaiwa nusu, siku ya malipo nusu hizo zisipokutana mikato yake kuna mtu anadanganya. Kwenye gemu ni rahisi mno, vitu viwili vyenye namba moja ya siri, unalinganisha. Na mwaka 1834 walipoamua kuchoma vijiti vilivyopitwa na wakati kwenye matanuru ya chini ya Bunge, moto ukawashinda, tarehe 16 Oktoba Bunge likateketea. Ukikosa tukio la kuweka kwenye gemu lako, hilo hapo.

Njia nyingine ni daftari la pande mbili, kile kinachotoka huku lazima kiingie kule, alichokieleza mtawa Mwitaliano Luca Pacioli kwenye kitabu kilichochapwa Venice 1494. Mi nimeiweka kama ujuzi anaoweza kujifunza karani. Asiye nao hagundui tofauti ya 16 mpaka ahesabu ghala, aliye nao anaigundua pale mezani akilinganisha daftari lake na la mtunza ghala.

Maktaba imeungua, hakuna aliyejali

Ujuzi wako umekaa kwenye swichi moja ya dunia nzima, "kufua chuma: ndiyo". Ukishaiwasha haizimiki, kwaiyo vitabu vinaungua na mhunzi anaendelea kugonga. Hamisha ujuzi uingie kwenye vichwa vya watu na kwenye vitabu, kwa kila mtu na kila kitabu, na swichi ya dunia ifutwe kabisa. Mjuzi wa mwisho akifa na nakala ya mwisho ikiungua, umepotea mpaka mtu agundue upya.

Ukifanya hivo bila breki utapata kinyume chake, tauni moja na kijiji kinasahau mkate. Mambo ya kila siku yahamie kwa kuangalia tu, mtoto akikaa jikoni na mama yake anajua mkate, kitabu kinahitajika kwa vitu vigumu na vya nadra.

Alafu usiruhusu moto uwe kifutio kimoja kwa vyote. Karatasi inaisha, ngozi inajikunja na kusinyaa, udongo ndo kwanza unaiva. Pale Pylos, Ugiriki, kasri liliungua kwenye mwaka 1200 KK hivi, mabamba ya udongo mabichi yenye hesabu za mali yakachomeka kama vyungu, moto uliomaliza jumba ndo umefanya hesabu zile zisomeke mpaka leo. Kwenye gemu langu jeshi lilichoma mji mzima, mji ulivyofukuliwa miaka 80 baadae kilichobaki ni madeni ya kuku.

Mtu akisoma kitabu kimoja anakuwa bingwa

Fupi: kusoma kusitoe ujuzi, kupunguze muda wa kujifunza kwa kufanya. Isipokuwa unataka vitabu vya hatari, hapo toa kila kitu kwa mpigo. Kwenye Dwarf Fortress wachawi wanaofufua maiti wanaandika vitabu, na msomaji wa kawaida akikumbana na chenye siri yenyewe anaweza kutoka maktabani akiwa mchawi. Watu walikuwa wanapokea kitabu kwa mgeni wanakiweka rafuni bila kukagua, baadae wanashangaa wazee wao hawazeeki.

Gemu linaanguka ukifungua kitabu cha zamani

Kitabu kinaelekeza kwa mtu ambaye umeshamfuta ili kupunguza memori. Hifadhi jina kama lilivyoandikwa, kama herufi, na kiungo cha kwenda kwa mtu kiwe kinaruhusiwa kuwa tupu. Inakupa na kingine: mnakili akikosea jina, Oruvi akawa Oruvu, kiungo kinakatika na wasomaji wanaanza kubishana Oruvu alikuwa nani. Weka makosa ya kunakili kwenye majina na namba tu, kwenye vitenzi yanatoa upuuzi. Mi nilianza na kosa moja kwa kila madai 50 nikaona ni nyingi, baada ya vizazi vitatu vya nakala hakuna mfalme aliyebaki na jina lake.

Makaratasi ya zamani yamejaa kila mahali

Wengi wanaweka umri, miaka 20 karatasi inatoweka. Usifanye hivo, yape matumizi: kuwashia moto, kufungia samaki, kuimarishia jalada la kitabu kingine. Na weka jamii mojawapo isiyoweza kutupa. Kairo kwenye sinagogi la Ben Ezra waliweka chumba cha makaratasi yaliyochakaa kwa sababu ya jina la Mungu lililomo, yakakusanyika vipande laki kadhaa, ndani kuna mpaka barua za wafanyabiashara na mikataba ya ndoa. Kwenye gemu chumba kama hicho ni hazina kuliko dhahabu, mchezaji anachimba anakuta kijiji kizima kinaongea.

Kila kitu kinafanya kazi ila mchezaji hasomi

Hii iliniuma kuliko zote. Nilimpa rafiki yangu acheze, akafungua kitabu kimoja, akakunja uso, hakufungua cha pili. Kosa lilikuwa langu, kona ya juu ya skrini nilikuwa bado namuonyesha idadi kamili ya magunia. Asome daftari kwa sababu gani? Nikaondoa ile namba. Sasa akitaka kujua ana chakula kiasi gani anabofya daftari la Oruvi, anaona namba, tarehe, na kama Oruvi aliona mwenyewe au aliambiwa. Dakika kumi tu akawa ananiuliza "huyu Oruvi mara ya mwisho kuingia ghalani lini?" na akampa mlinzi kazi nyingine.

Vitabu virefu navyo usimfungulie vyote. Muonyeshe dai moja linalogusa anachokifanya sasa hivi, amesimama mbele ya daraja bovu, mstari mmoja unatokea kwamba mwandishi fulani miaka 40 iliyopita alisema nguzo ya kaskazini ilijengwa juu ya mchanga. Akitaka mengine atabofya.

Tatizo la mwisho utaliona vijiji vikiwa viwili na kuendelea, tarehe hazikubaliani. Kijiji kimoja kinahesabu tangu mafuriko, kingine tangu mfalme akalie kiti, hati mbili za shamba moja na kila upande unasema yake ndo ya zamani. Nilianza kulitibu kama kosa, nikaweka kalenda moja kwa dunia nzima, na kesi za mashamba zikaisha siku ileile, mahakama ikabaki tupu. Nikarudisha kalenda zote. Ndani ya msimbo tumia siku moja ya dunia, ila kwenye dai andika tarehe kama mwandishi anavyoihesabu yeye, na kubadilisha kutoka kalenda moja kwenda nyingine kuwe ni ujuzi wa mtu. Kwangu wako wawili tu wanaojua, na wote wanakula rushwa.